Kufunga usukani wa kuchomoa kwenye gari ya mashindano, na kwanini nahangaika sana na plei (ule uchezaji wa usukani kwenye shafti)

Kila nikipost picha ya ndani ya gari, koment ya kwanza ni mtu anauliza usukani huo unachomokaje. Sawa, ntaeleza, ila mi swali ninalolisubiri ni lile lingine ambalo hakuna anayeuliza: ukishaurudisha, unajuaje umeshika? Maana kuchomoka ni kazi rahisi, hata kwiki rilisi (kile kifaa cha kuunga na kuchomoa usukani) ya hovyo kabisa inachomoka vizuri tu, tatizo ni kwamba inaweza kuchomoka na wakati hujaiomba, uko katikati ya kona, usukani uko mkononi mwako na haujaungwa na kitu chochote, hapo breki ndo rafiki pekee uliyebaki naye.

Na sio kwamba natishia watu. Machi 2016 kule Phoenix, Marekani, Jimmie Johnson alikuwa kwenye raundi ya kufuzu ya NASCAR (ligi ya mashindano ya magari ya huko), na wakati huo tayari ni bingwa mara 6, sio mtoto wa juzi, usukani ukamtoka na gari ikaenda ukutani. Alishuka salama. Haukuvunjika chuma chochote pale, kwa maelezo yake mwenyewe usukani haukuwa umejifunga sawasawa. Yani mtu mwenye timu nzima ya mafundi nyuma yake, gari ya kiwango cha juu kabisa, alafu kinachomwangusha ni klik moja ambayo haikutokea. Tangu nisome ile habari kila hatua ya kufunga hii kitu naipima kwa swali hilohilo, inasaidia usukani ushike au inaharibu?

Kwanini tuufunge basi kama una hatari hiyo? Kwasababu bila huo hutoki. Gari ya kawaida unaingia na kushuka bila hata kuufikiria usukani, ila ukishafunga siti ya baketi inayokubana mabega na mapaja, bomba la roli keji (kizimba cha mabomba cha kukulinda gari ikipinduka) limekatiza mlangoni, miguu imenyooka mbele, kichwani una helmeti na HANS (kifaa cha kulinda shingo) inayokuzuia hata kugeuza shingo vizuri, ule usukani unakuwa ni mlango wa pili mbele ya mlango. Ukiwa mwembamba unaweza kujipenyeza pembeni ukiwa huna haraka, kwenye moto hakuna kujipenyeza. Romain Grosjean, dereva wa F1 (Formula 1), pale Bahrain, 29 Novemba 2020, gari ilikatika vipande viwili ikawaka, ripoti ya FIA (shirikisho la dunia la michezo ya magari) ikasema alitoka sekunde 27 baada ya kugonga na mguu wake wa kushoto ulikuwa umenasa mwanzoni. Kanuni za F1 zenyewe zinataka dereva akiwa amefunga mikanda yote aweze kuchomoa usukani na kutoka ndani ya sekunde 7, alafu usukani uwe umerudishwa mahali pake ndani ya jumla ya sekunde 12. Sisi wa magari ya kawaida hatupimwi hivyo na saa, ila jipime mwenyewe siku moja ukiwa umevaa kila kitu, utajua hali yako.

Haya, tuje kwenye kifaa chenyewe. Zipo za aina nyingi lakini mi nazigawa kwa swali moja tu, nguvu ya kuzungusha inabebwa na nini? Zile nzuri zina splaini, yani kile kipande cha chuma kwenye shafti (fimbo inayozungushwa na usukani) kimechongwa meno marefu kuzunguka, na habu, yani kipande cha upande wa usukani, ina meno yanayoingiliana nayo. Meno ndo yanabeba kazi ya kukata kona. Goroli au pini iliyopo ndani kazi yake ni moja tu, kuzuia habu isirudi nyuma. Ukivuta ile kola ya nje (pete unayoishika kwa vidole), goroli ndogo za chuma zinapata nafasi ya kurudi kwenye matundu yake, zinatoka kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, habu inaachia. Ukiachia kola, springi inairudisha na inazibana goroli ndani ya mfereji. Ni kifaa rahisi sana ukikifungua ukakiangalia, na mi nashauri ukifungue kabla hujakifunga kwenye gari, ukiangalie kwa macho, kila mtu anaendesha na hii kitu lakini wachache wameona ndani yake.

Aina nyingine ni za pembe sita, shafti ina umbo la nati na habu inaivaa. Zinafanya kazi, watu wengi wanazitumia, ila zina mambo mawili sizipendi. Moja, zinaingia kwa namna 6 tofauti, kwahiyo siku una haraka unaweza kuuweka usukani umekaa nyuzi 60 pembeni na ukagundua ukiwa tayari kwenye foleni ya kuanza. Splaini nyingi zina jino moja lililotofautishwa na mengine ili usukani uingie namna moja tu. Pili, pembe zikianza kulika plei inakuja haraka. Alafu kuna zile za urembo, za kufunga kwa boli, ambazo goroli au pini zilezile zinazoshikilia ndo hizohizo zinabeba na nguvu ya kuzungusha. Kwenye gari ya maonyesho sina neno. Kwenye gari ya kugombania kona mi sifungi, hata kama rafiki yako anayo mwaka wa tatu sasa na haijamfanya kitu.

Kabla ya kununua soma kitabu cha kanuni za mashindano unayoingia, sio cha mashindano uliyoyaona kwenye video. Kanuni za FIA, zile za Kiambatisho J, zinataka iwe na flanji (ukingo wa kushika na kuvuta) inayozunguka mhimili wa usukani, ya rangi ya njano isiyotoka kirahisi, iliyokaa kwenye shafti nyuma ya usukani, na iachie kwa kuivuta kufuata mhimili huohuo. Vifungo vya pembeni na vishikio vya mapambo hapo vinakufa. Njano ina maana yake pia, mwokoaji ambaye hajawahi kuiona gari yako anachungulia dirishani, anaona njano, anavuta. Marekani utakuta kiwango cha SFI 42.1 (SFI ni taasisi ya huko ya viwango vya usalama wa vifaa vya mashindano) kimegongwa kwenye kifaa chenyewe au kimebandikwa stika. Kama mashindano yako yanataka kimojawapo alafu kifaa chako hakina alama yoyote, mkaguzi hatakuuliza hata umekinunua wapi.

Kutoa usukani wa zamani

Hapa watu wanakimbia na ndo pa kwenda taratibu. Nyoosha matairi ya mbele kwanza, sio usukani, matairi. Shuka uangalie kwa macho. Alafu chora alama ya rangi kwenye shafti na kwenye usukani wa zamani kabla hujagusa nati, maana baadae utataka kujua katikati ilikuwa wapi na shafti ikiwa uchi haikuambii kitu.

Kama gari bado ina eabegi, toa waya wa betri na usubiri muda ule unaosemwa na kitabu cha gari, ni dakika sio sekunde, kuna umeme unabaki umehifadhiwa ndani ya mfumo hata betri ikiwa imetoka. Ukiitoa ibebe uso wake ukiwa mbali na wewe na ukiiweka chini iweke uso ukiangalia juu, usiilaze kifudifudi hata kwa dakika moja. Na usiipime na mita ya umeme kuona kama nzima, tafadhali.

Nati ya katikati ilegeze lakini usiitoe yote, iache imeshika nyuzi chache. Usukani uliokaa miaka kwenye splaini zake unang'ang'ania, unavuta hautoki, unavuta kwa mikono miwili huku umeinamia, alafu unatoka ghafla na kukupasua mdomo. Nati ikiwa bado ipo inaupokea. Ukigoma kabisa tumia pula (kifaa cha kuuvuta utoke), usipige shafti na nyundo, shafti nyingi za kisasa zimetengenezwa zijikunje zenyewe kwenye ajali na nyundo unaweza kuzianzishia hiyo ajali hapohapo gereji.

Hilo la kujikunja liweke kichwani, kwasababu linaamua unachomelea wapi.

Kuchomelea au kufunga kwa boli

Kuna njia mbili. Ya kwanza unanunua habu ya adapta inayovaa splaini za kiwandani za gari yako, unaikaza kwa nati ileile ya katikati kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye kitabu, alafu kwiki rilisi inafungwa juu ya adapta kwa boli. Uzuri wake hukati kitu, ukitaka kurudisha usukani wa zamani unarudisha. Ubaya wake ni urefu, unaweka adapta, juu yake kwiki rilisi, juu yake usukani, mwisho wa siku usukani umekufuata kifuani. Na kila sehemu inayoungana na nyingine ni sehemu nyingine ya kulegea.

Njia ya pili ni kuchomelea kile kipande chenye splaini moja kwa moja kwenye shafti. Hii ndo ninayoipenda kwa gari ambayo haitarudi tena kuwa gari ya kwenda sokoni. Ni fupi, ni ngumu, haina boli za kulegea nyuma ya habu. Lakini isome vizuri hii sentensi: kama huchomelei vizuri usijifunzie hapa. Kuna vitu vingi kwenye gari vya kujifunzia, bomba la ekzosi likiachia utasikia kelele tu.

Mambo ninayoyaangalia kwenye kuchomelea, kwa mpangilio wa yanavyonijia. Kipande cha kuchomelea kiwe cha chuma, hakikisha, kwasababu habu ni ya alumini na mtu anaweza kudhani vyote ni kitu kimoja, na alumini haichomelewi na chuma. Kama kimepakwa zinki kisugue mpaka uone chuma cheupe kwa ndani na nje, zinki inafanya weldi iwe na matundu kama mkate na moshi wake ni sumu. Vingi vimetengenezwa kwa bomba la inchi 3/4, yani milimita 19 na kidogo, kwahiyo pima shafti yako kwa vernia kalipa kabla ya kuagiza. Kikikaa kwa kulegea usizibe nafasi kwa weldi nyingi, tengeneza slivu (kibomba cha kujaza ile nafasi). Kikibana vizuri toboa matundu mawili pembeni na uyajaze weldi pia, ile weldi ya kuzunguka mwisho wa bomba isiwe peke yake.

Habu itoe kabisa na uiweke mbali, joto linaua springi na linaunguza grisi ndani ya goroli. Toa pia beringi za plastiki za kolamu (nguzo inayobeba shafti) kama ziko karibu, au funga tambara lenye maji juu yake. Na waya wa betri uwe umetoka, na kama gari ina kompyuta na hujui nyaya zake zinapita wapi toa kolamu nzima nje uchomelee mezani. Kwakweli mezani ndo pa kuchomelea hata kama gari haina kompyuta, unaona pande zote.

Gusa nukta nne, kaskazini, kusini, alafu mashariki, magharibi, kisha simama. Weka habu na usukani, zungusha shafti ukiangalia katikati ya usukani kwa jicho moja. Ikiyumba, hata kidogo, huu ndo muda wa kuinyoosha, ukishazungusha weldi yote imeisha hiyo, utaendesha na usukani unaoyumba kama yai kila ukikata kona. Ikiwa safi toa tena habu, chomelea vipande vifupi ukibadilisha pande, acha ipoe yenyewe. Usimwagie maji. Na weldi isiwe kwenye ile sehemu ya shafti inayojikunja wala karibu na kiungo cha msalaba, ukiigandisha ile sehemu umegeuza shafti kuwa mkuki unaokuangalia kifuani.

Lile jino la tofauti kwenye splaini liweke juu kabisa matairi yakiwa yamenyooka. Ukilisahau, usukani utakaa pembeni daima na utabaki kudanganya kwenye alaimenti.

Boli sita zinazosumbua kuliko kazi yote

Usukani wa mashindano karibu wote unafungwa kwa boli 6 za M5. Sparco, OMP na MOMO matundu yao yamekaa kwenye duara la milimita 70, Nardi wao 74. Tofauti ya milimita 4 inaonekana ndogo mpaka ujaribu kuingiza boli kwa mabavu. Usitanue tundu la usukani na drili, tafuta adapta au badilisha usukani.

Sasa urefu wa boli. Hapa ndo nimeona magari ya watu wengi yakisumbua bila wao kujua. Boli ikiwa ndefu inapita habu inatokea nyuma yake, inagusa kola. Kola haiwezi kurudi mpaka mwisho, goroli hazibanwi zote, lakini usukani umekaa na ukiuzungusha unazunguka, kila kitu kinaonekana kizuri. Ile ndo hali mbaya kuliko usukani ambao haukuingia kabisa, maana ule usioingia unajulikana. Kwahiyo ukishakaza boli sita zote geuza usukani uangalie nyuma, pitisha kidole juu ya kila tundu, ncha yoyote unayoisikia ikate au badilisha boli. Ikiwa fupi nayo ni shida, kwenye alumini napenda nyuzi ziingie si chini ya milimita 8, chini ya hapo siku moja utaondoka na nyuzi.

Weka tone la gundi ya nyuzi ile ya bluu, sio nyekundu, nyekundu utailaani siku ya kufungua. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mara mbili kuzunguka, na toki iliyoandikwa kwenye karatasi ya kifaa. M5 ni boli ndogo, haitaki ubabe, kichwa cha alenki kinaharibika kabla hujajua.

Umbali

Kwiki rilisi yoyote inaongeza urefu, na urefu unamaanisha usukani unakuja kwako. Watu wanafunga, wanakaa kwa kujiegemeza vizuri na fulana, wanaona sawa. Kaa ukiwa umevaa suti, helmeti, HANS, mikanda umeivuta mpaka mabega hayatoki kwenye siti, alafu nyoosha mkono juu ya usukani, kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo na kiganja cha mkono kiangukie juu ya duara. Usukani ukiwa karibu sana unakata kona kwa viwiko vilivyobanwa mbavuni, utachoka mapema na ukipata gari inayoteleza nyuma huna nafasi ya kukata haraka. Ukiwa mbali sana bega linatoka kwenye siti, na bega likitoka mkanda haukusaidii ulivyotengenezwa kukusaidia.

Dawa za urefu ni tatu, kurudisha siti nyuma (ila angalia pedali na angalia kichwa hakisogelei bomba la keji), kuchagua usukani bapa badala ya ule wenye sahani ndefu (duara lake limetokeza kuja kwako), au kufupisha shafti. Ya tatu ni kazi ya fundi wa kolamu sio ya grenda na ujasiri. Mi naanza na usukani bapa. Alafu zungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukiwa umefungwa hivyohivyo, magoti yasiguswe, vidole vya glovu visikwaruze swichi ya waipa wala dashibodi. Kama bado una kile kitu cha kufunga usukani ukitoa ufunguo, kiondoe, mashindano mengi yanakukataza kuwa nacho na hata kama hayakukatazi hutaki kikijaribu bahati yako kwenye mteremko.

Plei

Haya sasa tufike kwenye kichwa cha habari. Usukani wa milimita 350 una nusu kipenyo cha 175. Splaini zimekaa kama milimita 10 kutoka katikati. Meno yakiwa na nafasi ya 0.1 tu, nafasi ambayo huioni kwa macho, pale unaposhika mkononi inakuwa karibu milimita 1.75. Yani kitu ambacho hakionekani kinageuka kuwa kitu unachokisikia kila ukinyoosha gari. Na plei haikai ilivyo, kila ukikata kushoto na kulia meno yanagongana, yanajichonga, nafasi inakua.

Namna ya kuipima usiendeshe. Mtu ashikilie shafti kwa nguvu chini ya habu (au bana na grip ya plaiz ukiwa umeweka tambara), wewe tikisa usukani kushoto kulia kwa vidole viwili. Kinachocheza juu ya mkono wake ni kwiki rilisi, kinachocheza chini ya mkono wake ni viungo vya shafti au raki (kile kifaa cha chini kinachogeuza matairi), hiyo ni habari nyingine kabisa na wengi wanalaumu kwiki rilisi kwa dhambi za raki. Kisha tikisa juu chini kama unataka kuuvunja shingo. Kifaa kipya kikicheza, rudisha. Usisikilize mtu anayekuambia kitajikaza chenyewe kikizoea, chuma hakizoei, chuma kinalika.

Nyaya

Kama una honi au kitufe cha redio kwenye usukani unahitaji waya unaopita pale. Kuna habu zenye pini za umeme ndani yake, nzuri kwa kuangalia, ila vumbi likiingia redio inakata kila ukigonga tuta. Mi natumia waya wa kujikunja kama wa simu za zamani na plagi pembeni. Sasa plagi hiyo iwe ya kuchomoka kwa kuvutwa tu, isiwe na skrubu wala klipu ya kubonyeza. Nimeona gari safi kabisa, kwiki rilisi ya maana, alafu waya una plagi ya kufunga kwa kuzungusha, kwahiyo usukani unatoka na kubaki unaning'inia mapajani kwa dereva kama mbuzi kwenye kamba. Dereva mwenyewe hakuwa ameliona mpaka mkaguzi alipomwambia atoke.

Kutumia kila siku

Mazoea yangu ni haya: naingiza, nasukuma mpaka klik, naangalia kola imerudi yote, alafu navuta usukani kuja kwangu kwa mikono miwili bila kugusa kola. Kwa nguvu kweli, sio kwa heshima. Alafu nazungusha kidogo kushoto na kulia, navuta tena. Klik peke yake siiamini, ukiwa na helmeti na injini inawaka huisikii hata hivyo. Navuta kabla ya kufunga mikanda, maana ukishafungwa huna nguvu ya kuvuta.

Zoezi la kutoka lifanye macho ukiwa umefumba na glovu umevaa. Mkono ujue kola ilipo bila kutafuta. Na uamue mapema usukani ukitoka unauweka wapi, kwenye ndoano ya keji au unautupa upande wa pili, ila usiuweke sakafuni kwenye pedali wala usiuache mapajani. Kama sio dharura urudishe ukishatoka, F1 wameliandika kabisa kwenye kanuni kwamba dereva anayeiacha gari aiache na usukani mahali pake, kwasababu mashali (mhudumu wa usalama pembeni ya njia) akija kuisukuma bila usukani anasukuma ng'ombe aliyekataa kwenda.

Usafi ni kidogo tu. Grisi nzito hapana, inakusanya vumbi na kugeuka msasa ndani ya goroli. Brashi, tambara safi, mafuta mepesi kidogo kwenye kola, basi. Angalia meno ya splaini kwa taa, ukiona ngazi inayong'aa upande mmoja wa meno kifaa kinaelekea mwisho, na springi ikianza kurudisha kola kwa uvivu usiibembeleze, badilisha. Usukani ukiwa nje funika shafti na kofia au hata soksi. Na wale wa kuingia garini kwa kushika kile kipande cha shafti kama mpini, acheni, nawaona.

Kitu cha mwisho ambacho hakipo kwenye karatasi yoyote ya maelekezo niliyoisoma. Usukani ukiwa umefungwa kabisa na umeuvuta ukahakikisha, angalia kola inaishia wapi kwenye habu. Sehemu inayofichwa na kola ikiwa imerudi yote, ipake rangi nyekundu kuzunguka. Kola ikiwa mahali pake huoni nyekundu, ikiwa imesimama njiani hata milimita mbili unaona mstari mwekundu unakuangalia, na unauona ukiwa umekaa, umefungwa, bila kuinama. Rangi ya kucha inatosha, inashika vizuri kwenye alumini ukiisafisha na spiriti kwanza, na ikianza kubanduka unapaka tena.